Nyota Tano Bila Ila

Magid wa Nalufenya, pale Jinja nchini Uganda, hakunywa hata maji ya mtu aliyekwenda kumkagua. Akienda kutazama hoteli au mgahawa, alibeba chupa yake ya chai na sambusa mbili za mkewe Kadija, akakaa pembeni akala vyake, ndipo akaanza maswali. Akikaribishwa soda, alitikisa kichwa. Akibembelezwa, alinuna. Binamu yake wa damu, mwenye nyumba ya wageni kule Mafubira, alimwekea sahani ya kuku mezani. Magid hakumgusa kuku, na jioni ile ile akampa nyota moja kwa sababu ya kunguni. Binamu hakutia mguu kwake Idi mbili mfululizo.

Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza vyerehani. Mambo ya nyota yalianza kwa bahati tu. Mafundi cherehani wa Busia na Bungoma, upande wa Kenya, walimletea mashine zao na kumuuliza walale wapi, wale wapi, watembee wapi. Akawajibu kwa sauti kwenye simu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Kwao walikisema hicho pamoja na Kinubi tangu babu yake alipoletwa huku akiwa askari. Mjini Jinja akiongea Kiswahili kwa sauti, wenye maduka, waliozoea kukisikia kwa askari, walimwita afande na kumpisha njia, jambo lililomkera tangu ujana. Wakenya hawakumwita afande. Walimwita Magid wa Nyota, wakaambizana, na kundi lake la simu likafika watu mia sita. Hakutaka malipo wala shukrani. Alitaka kuaminiwa, na aliaminiwa.

Mtu wa namna hiyo umwambie hana haki, si atakurushia bisibisi! Na hapo ndipo pa kumhurumia, maana alidhani haki ni kutokula cha mtu, basi, imekwisha.

Mwaka jana wasikilizaji wake wakaanza kumuuliza habari za kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Vituo alivyovijua vilikuwa viwili, kimoja pale Jinja, cha Haji Wahab, kingine Mbale, chini ya mlima Wanale, cha bwana mmoja aitwaye Gidudu. Mgeni hufungwa mikanda pamoja na mkufunzi, wanapanda ndege ndogo, wanajitupa, mwavuli unafunguka, wanatua wakipiga kelele za furaha. Magid mwenyewe hangeruka hata kwa kuburutwa. Alisema yeye atawakagua wakiwa chini, na huko juu wajijue.

Alianzia Mbale. Gidudu alikuwa mfupi, sauti ya kukwaruza, ofisi yake ya mabati. Magid akamuuliza habari za hapo.

"Nzuri," akasema Gidudu, "ila Machi tulimvunja mama mmoja kifundo cha mguu."

Akamwonyesha daftari kubwa lililokaa wazi mezani. Mgeni hakuruhusiwa kutia sahihi kabla hajalisoma. Dada yake Gidudu, Nusifa, ndiye aliyeliandika, kwa mwandiko wa duara kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Siku fulani mwavuli mkubwa ulijisokota, wakatumia wa akiba. Siku fulani upepo uligeuka, wakatua kwenye shamba la kahawa. Siku fulani mkufunzi alikuja na mafua, wakamrudisha nyumbani. Magid alisoma kurasa kumi na moja, jasho likimtoka. Gidudu akaanza kumweleza walichobadilisha baada ya kila kosa, lakini mgeni wake alishafunga chupa ya chai.

Jinja kulikuwa kwingine kabisa. Ukuta mweupe, majani yamekatwa, wafanyakazi wana sare. Mezani hapakuwa na daftari lolote. Magid akamuuliza dereva habari za kazi, akajibiwa nzuri. Akamuuliza mkufunzi, nzuri. Akamkuta msichana aitwaye Namukose amepiga magoti juu ya turubai, anakunja miavuli, akamuuliza habari za miavuli. "Nzuri," akasema Namukose. Pale pale Haji Wahab akatokea, akamshika Magid mkono, akampeleka kuona vyoo vipya. Wawili hawa waliswali msikiti mmoja.

Sasa hebu niambie. Nani asiyejua kwamba mtu akiulizwa habari hujibu nzuri, hata kama nyumba yake imeungua jana? Nzuri hutangulia, ndiyo adabu. Mambo yenyewe yanakuja na "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Anayeondoka kabla ya ila ameondoka na salamu tu mkononi. Magid alikinyonya Kiswahili kwa mama yake, na bado akaandika kwenye karatasi yake kwamba wafanyakazi wote wa Jinja, bila hata mmoja kupinga, wanasema mambo ni mazuri.

Usiku hakujiuliza mara mbili. Alishika simu akawaambia watu wake mia sita: "Mbale wenyewe wanakiri kwamba wamevunja watu. Jinja sikusikia kosa hata moja. Jinja nyota tano, Mbale mbili. Chagueni." Kadija alikuwa akisikiliza. Akauliza kama wale wa Jinja nao wana daftari. Magid akasema hawana haja nalo. Kadija akasema, "Mh," akaendelea kupanga vyombo.

Ikapita miezi saba. Jumanne moja asubuhi Namukose akaingia kwenye karakana ya Magid, bila sare. Magid alimtambua kwa shida. Akamuuliza habari.

"Nzuri," akasema Namukose, akakaa kwenye benchi. "Ila siku ile uliondoka haraka, mzee."

Akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kushona. Ule mwavuli wa akiba, unaomwokoa mtu mkubwa ukigoma, haukunjwi na kila mtu. Kila baada ya miezi sita fundi mwenye cheti lazima aufungue wote, aukague, aukunje upya, kisha aandike tarehe na sahihi kwenye kadi yake. Fundi wa Haji Wahab alitoka Nairobi, na ulikuwa mwaka wa pili hajaonekana. Namukose aliambiwa aandike tarehe mpya na aige sahihi. Aliiga mara tatu. Mara ya nne mkono ulikataa, na jana yake alifukuzwa kazi.

"Mbona hukuniambia?" Magid akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kulaumu, aibu juu yake.

"Nilikwambia nzuri. Nilikuwa navuta pumzi niseme yaliyobaki. Haji akaja, nawe ukaenda kutazama choo."

Magid aliinama akajifanya anaokota skrubu ambayo haikuanguka. Wiki nzima simu yake ilikuwa imejaa vicheko vya walimu tisa wa shule moja ya Bungoma, wakiongozwa na mwalimu Rashida, waliokuwa waje Jumamosi kuruka Jinja. Walichagua Jinja kwa neno lake. Si kwa tangazo wala kwa picha, kwa neno la Magid tu.

Hata hivyo hakutaka kumhukumu Haji Wahab kwa maneno ya mtu mmoja. Alikwenda mchana ule ule, akamwomba amfungulie mwavuli mmoja tu wa akiba. Haji akasema hauwezi kufunguliwa bila fundi. Magid akauliza fundi alikuja lini. Haji akasema akatazame kadi. Magid akamwambia anamjua aliyeziandika kadi. Haji hakupandisha sauti. Alipangusa miwani yake, akaivaa.

"Kwani kuna aliyekufa?" akauliza.

Magid alitoka pale bila kuaga. Jioni aliwaambia wasikilizaji wake wote kwamba nyota tano za Jinja amezifuta, kwamba wasiende, kwamba aliuliza maswali kama mtu anayepita njia na akasadiki salamu. Ilimuuma kusema hivyo. Wengine walimshukuru. Wengine walimuuliza ni vitu gani vingine alivyovisifu kwa mtindo huo.

Mwalimu Rashida alimpigia simu mwenyewe. Hakugomba. Alisema walimu wameshapewa ruhusa na fulana zimeshachapishwa, kwa hiyo wataenda Mbale, nyota mbili au la, mradi Magid aende akaangalie tena na kuwaambia. Neno lake bado wanalipokea. Magid alikaribia kulia kwa shukrani. Usiku kucha aliliwaza lile daftari. Kurasa kumi na moja za watu waliojisema wenyewe! Mkunja miavuli wa Jinja alilazimishwa kughushi, na Gidudu kule Mbale aliandikisha hata mafua ya mkufunzi, naye Magid akampa nyota mbili kwa sababu tu alisema. Alimwonea. Hakupata neno jingine, ni kuonea tu. Sasa angekwenda amwombe radhi, alisome daftari mbele yake mpaka ukurasa wa mwisho, halafu awaambie watu mia sita kwamba hapa ndipo.

Alhamisi saa nne alikuwa Mbale. Ukungu ulikuwa bado juu ya Wanale. Mabati ya ofisi yalikuwa yamepakwa rangi ya bluu, na ukutani maandishi makubwa yalisema: TANGU TUANZE, HAKUNA AJALI. Gidudu alimletea kiti cha plastiki, akakiweka nje mlangoni, yeye akakaa kizingitini. Mezani ndani, pale palipokuwa na daftari, paliwekwa maua ya plastiki.

"Habari za hapa?" Magid akauliza.

"Nzuri," akasema Gidudu.

Magid akangoja. Safari hii alingoja kwelikweli, mikono magotini. Pikipiki ilipita. Mwanamke alipita na kuni. Gidudu alimtazama tu, na hakuongeza kitu.

Basi Magid akaomba radhi. Akasema yote, ya Namukose na kadi, na vyoo pia. Gidudu alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamsimulia ya kwake. Baada ya zile nyota mbili walikaa wiki kumi na moja bila mgeni hata mmoja kuruka. Waliokuja walisoma ukurasa wa kwanza wakaondoka, wakisema Magid alikuwa amewaonya. Wakufunzi wawili walihama. Nusifa, alipoombwa aandike mazuri tu, aliapa hataandika uongo, akaenda Soroti kuuza vitenge. Siku Gidudu alipolifunga daftari na kuyapaka yale maandishi ukutani, wageni walianza kurudi.

"Daftari liko wapi?" Magid akauliza.

"Lipo."

"Nilione."

"Halisomwi."

"Tangu ulifunge, kuna lililotokea?"

Gidudu aliangalia viatu vyake. Magid aliona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa kizingiti, kikienda na kurudi.

"Hapa mambo ni mazuri," akasema hatimaye.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mwalimu Rashida, na kwa nyuma walimu wenzake wanacheka. Alitaka kujua tu, ndiyo au hapana, ili amwambie dereva. Gidudu alisikia kila neno. Alisogea akamshika Magid goti, naye hakuwa mtu wa kumshika mtu.

"Uliniharibia kwa kinywa, nitengenezee kwa kinywa," akasema. "Ni watu tisa tu, Magid. Sema ndiyo, mimi na wewe tumesameheana."

Na Magid alitaka kusema ndiyo, wallahi alitaka. Yeye ndiye aliyemdhulumu mtu huyu bila kosa, na sasa anaombwa neno moja. Yawezekana kweli hakuna lililotokea. Yawezekana miavuli yote iko sawa, na kinachofichwa ni mafua mengine ya mkufunzi. Lakini pia yawezekana sivyo, na walimu tisa watapanda ndege Jumamosi wakiwa wamefungwa mikanda na neno lake. Alibonyeza simu arekodi jibu.

"Mwalimu, msiende Jinja, na Mbale pia msije," akasema. "Huyu wa Mbale alikuwa mkweli kuliko mimi. Alisema makosa yake nami nikamwadhibu, akajifunza kunyamaza. Sasa sijui anaficha nini, wala kama anaficha. Aliyemfundisha ni mimi, mwalimu. Uwaambie na wengine hivyo."

Ujumbe ukaenda. Gidudu aliondoa mkono wake gotini, akasimama. Magid naye akasimama.

"Ile ya kwanza ulinionea," akasema Gidudu kwa sauti ya chini. "Hii hukunionea."

Akakichukua kiti cha plastiki, akaingia nacho ndani, akafunga mlango.