Besi ya Shingo Fupi

Chumba cha mazoezi cha kwaya yetu, kule Bagira, kilinuka udongo. Haikuwa harufu ya vumbi, wala ya unyevu tuliouzoea Bukavu wakati wa mvua. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, wenye mizizi ndani yake, kama pale wanaume wanapochimba kaburi. Sakafu ilikuwa ya saruji na madirisha yalikuwa yamefungwa, na bado harufu iliingia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikaa nyuma kabisa, mgongo karibu na ukuta wa upande wa bondeni, kwa sababu pale ndipo mahali pa mpigaji besi, na msimu ule wa mvua, watu wakishangaa, mpigaji besi nilikuwa mimi, msichana.

Kwaya ilikuwa na gitaa moja la besi, jekundu na refu, na mtu aliyelipiga alikuwa ameondoka kutafuta dhahabu upande wa Shabunda. Nililijaribu mara nyingi baada ya misa. Bega la kushoto lililemewa, kifundo cha mkono kilijipinda, na kidole changu kidogo hakikufika pale wimbo ulipokitaka. Kilibaki hewani kinatetemeka. Nililia kwa hasira zaidi ya mara moja. Kisha tonton Bahati, mdogo wake mama, aliyekuwa akifanya biashara Kavumu, akaja siku moja na besi nyingine, ya rangi ya kahawia, iliyokwanguka mgongoni. Shingo yake ilikuwa fupi kuliko ile nyekundu kwa karibu urefu wa kiganja. Watu walicheka, wakaiita mtoto wa gitaa.

Mimi sikucheka. Nilipoiweka mapajani, mkono ulikwenda wenyewe hadi mwisho wa shingo na kurudi bila kuumia. Tonton alinieleza kwamba uzi mfupi hulegezwa zaidi ili utoe sauti ileile, ndiyo maana unakuwa laini chini ya kidole. “Unasikia venye iko naimba?” aliniuliza. “Ile kubwa inasema. Hii iko naimba mudomo yenye kufunga.” Ni kweli. Sauti yake ilikuwa nene na ya mviringo, haikuwa na makali, na ilikwenda chini ya sauti za watu na kuzibeba bila mtu kujua nani amezibeba. Ndani ya mwezi mmoja nilijua nyimbo zote za Kwaresima.

Papa Ladislas, fundi wa kushona nguo, ndiye aliyeiongoza kwaya. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kupendeza na kichwa kigumu. Yeye na mafundi wawili walikijenga chumba kile kwa mikono yao, kwenye ukingo wa kilima, na hakupenda kusikia kikisemwa vibaya. Ndiyo maana nilipomwonyesha ufa, mwembamba kama unywele, nyuma ya kiti changu, alinishika kichwa akasema ni plasta tu. Jumamosi iliyofuata ufa ulikuwa umezibwa kwa saruji. Jumamosi nyingine ulikuwa umefunguka tena, pembeni mwa saruji mpya, na kidole changu kidogo kiliingia ndani hadi kwenye kucha.

Toka hapo sikuweza kuacha kutazama. Nilipopiga uzi wa chini kabisa, kitu fulani kilikoroma. Nilidhani ni besi yangu, nikakaza kila skrubu, mpaka nilipobandika kiganja ukutani nikagundua kwamba ni plasta iliyoachana na matofali. Mlango ulianza kukwama. Betri ya tochi iliyoanguka sakafuni haikubaki pale ilipoanguka; iliviringika polepole kuelekea kwangu na kugonga ukuta. Jirani aliyekaa chini yetu, bondeni, alihamisha mbuzi wake kimyakimya, kisha watoto wake, bila kumwambia mtu kwa nini. Mama alisema nisiwasumbue wakubwa. Wakubwa waliimba vizuri kuliko wakati wowote, kwa kuwa Pasaka ilikaribia, nami niliipiga besi huku nikihesabu hatua kutoka kiti changu hadi mlangoni. Zilikuwa kumi na nne.

Juma lililotangulia Pasaka mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jumamosi mchana ilipungua kidogo, tukaitwa. Nilifika mapema, nikawasha amplifaya, nikaanza kukaza nyuzi. Ndipo nikaona maji yakitoka kwenye ufa. Yalikuwa ya rangi ya matofali, mazito, na yalitoka kwa vipindi, kama mtu anayekohoa. Waimbaji walikuwa wakiingia, wanakung'uta miamvuli, wanacheka. Nilimwambia wa kwanza, nikamwambia wa pili. Mmoja alisema paa linavuja. Basi nikachomoa waya wa besi, nikaitupia besi mgongoni, nikatoka. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliweza kukimbia nayo. Nilivuka njia nikasimama chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili.

Papa Ladislas alitoka mlangoni akaniita.

“Nsimire, ingia, mutoto wangu. Tunakungojea.”

“Hapana, Papa. Ukuta iko natapika.”

“Basi leta ile basse, mwingine apige.”

“Hapana.”

Sikuwa nimewahi kumkatalia mtu mzima kabla ya siku ile. Alivuka njia kwenye matope, amekasirika kweli, na wengine wakamfuata, baadhi kunikaripia, baadhi kutazama tu. Mke wake, Maman Furaha, alikuja mwisho na watoto wao wawili walioimba sauti ya kwanza. Chumba kilibaki kitupu. Walisimama wakinizunguka, wakisema nimelaaniwa, nimeharibiwa na tonton. Papa Ladislas aligeuka akaona kupitia mlango kwamba taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa bado inawaka, na maji yalikuwa yakiikaribia. “Itaungua,” alisema, akarudi ndani kuizima.

Hapakuwa na kishindo. Watu hudhani palikuwa na kishindo. Chumba kilishuka, kwanza upande wa kiti changu, kisha paa, kisha miti miwili iliyokuwa nyuma yake, na mahali pake tukaona upande wa pili wa bonde, ambao hatukuwahi kuuona tukiwa pale. Nilisikia mtu akipiga kelele na nikachelewa kujua kwamba alikuwa Maman Furaha.

Papa Ladislas walimtoa kwenye udongo Jumatatu. Sikuigusa besi hadi matanga yalipokwisha. Mimi ndiye niliyewasha amplifaya ile, na mimi ndiye niliyeiacha ikiwaka, na hesabu ile niliifanya kila siku bila kumwambia mtu. Kisha Maman Furaha alikuja nyumbani, akaketi, akakataa chai. “Njo wewe ulibatosha batoto bangu inje,” alisema, maana walitoka wakinifuata mimi. “Ile ingine, wacha Mungu aijue. Uendelee kupiga.” Hakuniambia kwamba sina kosa. Alisema alichoweza kusema.

Niliendelea. Leo napiga na bendi kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Muhumba, na hadi sasa nachagua shingo fupi, ingawa mkono wangu umekua na besi ndefu ninayo. Vijana huniambia ya mtoto hiyo. Wakisikia rekodi, huuliza ni gitaa gani limetoa sauti ile. Nawafundisha wasichana watatu, kila mmoja na mkono wake mdogo, na hakuna anayelia kama nilivyolia mimi.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja kijana alinipeleka kwake Bagira ili nimwone binti yake, anayetaka kujifunza. Tulishuka njia niliyoijua. Kilima kimejaa nyumba tena, nyingi kuliko zamani, zimebebana hadi bondeni, na ya kwake ni mpya, ya matofali mekundu, imejengwa juu ya udongo ule ule. Nilimweleza yote, nikamtaja Papa Ladislas kwa jina. Alisikiliza hadi mwisho, akamtazama binti yake.

“Banatuambiaka, maman,” aliniambia. “Lakini tutaenda wapi?”

Mvua ilikuwa imeanza. Mtoto alikuwa amekwisha kuitoa besi yangu kwenye mfuko wake, akaishika vizuri, akasubiri nimwambie aanzie wapi.