Mama Mkwe Aliponifundisha Kuogelea

Mimi ni mtu wa Kalinzi, milimani. Nilikulia kwenye migomba na mibuni, na maji niliyoyazoea yalikuwa ya ndoo. Nikaolewa na mwanamume aliyezaliwa Katonga, ufukweni kabisa mwa ziwa, tukahamia Gungu, na tangu hapo hakuacha kunitania. "Nyinyi watu wa milimani," husema, "mkiona kidimbwi mnaanza kusali."

Nilivumilia mpaka siku tuliyopanda boti mimi na mama mkwe kwenda harusini kijiji cha jirani. Mawimbi yalipoanza kuturusha nilimkamata mkono, sikuuachia mpaka tuliposhuka. Tuliporudi nyumbani alimwonyesha mwanawe alama za kucha zangu.

"Tazama. Nimesafiri na paka."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alinigeukia akasema, "Jumamosi asubuhi njoo Katonga. Uje na nguo ya kubadilisha."

Nchi kavu, mama mkwe ni mwanamke mnene anayeuza dagaa na kulalamikia magoti. Ndani ya maji hana magoti wala unene, anateleza tu. Mimi niliingia na dera, maana ndiyo nguo ya heshima mbele ya mkwe. Maji yalipofika kifuani dera likajaa hewa, likavimba pande zote. Kina mama waliokuwa wanaosha masufuria wakayaacha. Mmoja akapiga kelele, "Mfungeni kamba huyo, ataruka!"

"Mama, nitakuja siku nyingine," nikasema.

"Siku ipi? Lala chali."

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaza nyuzi, na nyumbani nimekaza hivyohivyo: mlango naukagua tena baada ya mume wangu kuufunga, chumvi naionja hata kama sikupika mimi. Sasa naambiwa nilegee. Mama aliweka kiganja chini ya kisogo changu, akauliza, "Umebeba nini shingoni?"

"Sijabeba kitu, mama."

"Basi kiweke chini."

Jumamosi zikapita. Hofu ya maji ilipungua, aibu ndiyo ilinitesa. Kibandani kwangu wateja huja kuniuliza mambo, na mimi huwa na majibu. Pale watoto wa shule ya msingi walinipita wakiogelea, wakanipa shikamoo kwa adabu zote, kisha wakazama. Nikiona viputo vinapanda najua wanacheka.

Halafu asubuhi moja masikio yangu yakajaa maji, kukawa kimya, na mbingu ikawa kubwa. "Mama, usiniachie!" nikasema.

Sauti yake ikatoka mbali. "Nilishakuachia zamani."

Nikazama hapohapo, lakini nilizama nikiwa na furaha.

Lazima mume wangu aone. Jumamosi iliyofuata akaja, suruali imepigwa pasi. Nikaelea mbele yake, nikamwita, "Ingia basi, mtoto wa ziwani!" Akasema ana mafua. Wiki ya pili akabaki nyumbani, eti mguu unamuuma. Nikamtazama mama. Alikuwa anakunja khanga yake kwa makini mno.

"Mama, huyu mwanao..."

"Ndugu zake wote niliwafundisha," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye akiniona nashika taulo, alikuwa anapanda juu ya paa la jiko."

Njia nzima nyuma ya bodaboda nilichagua maneno. Miaka ya vidimbwi na sala! Nilikuwa na akiba ya kunitosha mpaka uzeeni. Nikafika, nikamkuta amekaa kizingitini. Alizitazama nywele zangu zilizolowa, kisha akatazama pembeni.

"Hivi," akauliza, "mtu anaanzaje?"

Maneno yangu yote matamu nikayarudisha akibani. Nikaruhusu moja tu litoke. "Na mafua?"

"Yamepona."

"Basi tutakwenda wote. Tutapita upande wa mwisho wa ufukwe, hakuna watu."

Jumamosi iliyofuata mama alimpokea kana kwamba mwanawe amechelewa kidogo tu. Mpaka leo mume wangu anaogelea vibaya kuliko mimi, na mimi naogelea vibaya sana. Akimeza maji namgonga mgongoni. Utani wa milimani hajauacha, ila siku hizi anatania huku ameshika bega langu.