Sanduku la Mutunga Halipiti Gari Lililolala

Mjukuu wangu Lorine amenichosha: niandike, niandike, eti watu wasome. Wasome nini? Hapa mtaani Baba Dogo, Nairobi, kila mtu aliniona nikibeba sanduku mgongoni mchana kweupe, na wasioniona wamekwisha kutia chumvi yao. Mimi na kalamu hatujawahi kuwa marafiki. Shule niliiacha ningali nikisoma kwa kidole. Lakini afadhali niandike vibaya mimi kuliko waseme vizuri wao.

Naitwa Kalekye, mjane wa Mutunga. Mutunga aliendesha lori la Mombasa mpaka kifua kilipomkataza. Yeye kazi yake ilikuwa usukani, mimi kazi yangu ilikuwa sanduku. Nduguye Ndete, mchonga vinyago, ndiye aliyelitengeneza kwa mti mzito, na ndani akachimbia kila chombo kitanda chake: spana, koleo, nyundo, bisibisi, jeki ndogo. Chombo kikipotea, kitanda kinabaki wazi kinakukodolea macho. Vitu vya kuisha nilivipanga mimi. Waya, nati, fyuzi, balbu, klipu za paipu, kipande cha sabuni ya kufulia cha kuziba tangi la dizeli likivuja, gunia la kulalia chini ya gari. Na blada. Nachukua tyubu ya gurudumu iliyozeeka, naikata vipande virefu vyembamba, naviosha, naviviringa. Paipu ikipasuka porini, unaifunga kwa blada kama kidonda, unafika. Hakuna aliyekata blada kama mimi, na huko si kujisifu, waulize madereva.

Sanduku lilikuwa na sheria yake. Ukikuta gari limelala barabarani, unasimama, unatoa ulicho nacho. Na uliyemsaidia hakurudishii wewe. Anamrudishia yule atakayemkuta mbele amekwama. Mutunga alikula sheria hiyo na ugali wake maisha yake yote.

Alipoona siku zake zimekwisha, alimwita Willis Adongo. Willis alijifunza gari kwa Mutunga, akala kwangu, akalala kwangu, hata Kikamba akakiongea, ingawa cha kuchekesha. Mutunga akamwambia, "Wiri, sanduku hili halipiti gari lililolala. Siku ukiona huwezi, lirudishe kwa mama yako. Si aibu." Willis akalipokea kwa mikono miwili, akalia. Nami nikasema moyoni, Mungu amenichukulia mume, ameniachia mtoto.

Na alikuwa mtoto kweli! Kila mwisho wa mwezi alikuja na sanduku.

"Mama, blada zimeisha."

"Zimeenda wapi tena?"

"Moja ilibaki Mtito, kwa mzee mmoja Mtaita, paipu ilikuwa imefunguka kama mdomo wa kiboko. Zingine Voi. Mama, yule mzee alilia!"

"Alilia kwa sababu ya blada?"

"Alisema hajawahi kuona blada imekatwa vizuri hivyo."

Nacheka mpaka naketi. Vidole vyangu vimepinda kwa baridi yabisi, lakini siku hiyo nakata blada kama msichana. Jumapili moja nilisimama kanisani nikashuhudia mbele ya watu wote, kwamba mume wangu hajafa, bado anatengeneza magari ya watu Voi. Wamama wakapiga vigelegele.

Basi mvua zilipokaribia nilitaka kwenda kwetu Ukambani, mji wa Wote, kupanda. Kijana wa jirani yangu, Nzau, alikuwa anapeleka saruji huko, akanipandisha mbele. Tulipopita Salama, mlimani, moshi ukatoka kwenye boneti.

"Mwaitu, shuka polepole," Nzau akasema, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Gari imechemka."

Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Nikamuuliza sanduku lake la vyombo liko wapi.

"Mwenye gari alisema atanunua."

"Na wewe ukatoka mikono mitupu kama mtu anaenda harusini?"

 Tukakata matawi, tukayapanga barabarani nyuma ya lori ili wenye magari wajue kuna aliyelala. Jua likapanda. Mara nikaona lori linapanda mlima, nikalitambua, na kwenye usukani nikamwona Willis mwenyewe, kiwiko kiko nje ya dirisha. Nilipiga kifua.

"Nzau, sasa utamwona mtoto wangu."

Nikasimama kando ya barabara nikapunga leso. Lori likapunguza mwendo kwa sababu ya matawi na mlima. Alikuwa karibu, hata ndevu zake niliziona. Macho yake yakakutana na yangu. Nikaita, "Wiri!"

Akaingiza kiwiko ndani. Akapandisha kioo. Akapita.

Nzau akalitazama lori mpaka likapotea. "Huyo ndiye mtoto wako, Mwaitu?"

"Hakuniona."

"Alikuona mpaka meno."

Tulikaa pale juani. Aliyesimama hatukumpungia hata mkono. Ni dereva wa tangi la mafuta, Msomali wa Eastleigh, jina lake Kadar. Alishuka na kipande cha paipu na klipu mbili, akalala chini ya lori letu na kanzu yake safi, akatoka amepakwa masizi. Nilipotaka kumpa mahindi niliyobeba, akasema, "Wacha, mama. Wewe mpe wa mbele." Maneno ya Mutunga hasa, kwenye mdomo wa mtu nisiyemjua.

Niliporudi Nairobi nilienda kwa Willis. Kwake sikuwa nimewahi kukanyaga, maana mtoto ndiye huja kwa mzazi. Mkewe Truphena alinifungulia lango kwa furaha. Kabla sijajibu salamu, nikaona. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa blada. Mlango wa kibanda cha kuku umefungwa kwa blada. Mguu wa kiti, blada. Mimi mkato wangu naujua.

Ndani, sanduku lilikuwa chini ya televisheni, limefunikwa kitambaa cha kushonwa. Nikafungua. Spana zote zimelala vitandani zinang'aa. Hakuna grisi, hakuna mkwaruzo, hakuna vumbi la Voi.

Willis akatoka chumbani. "Mama, wacha nikueleze. Gari ya kampuni iko na traka. Ukisimama mahali hawajui, wanapiga simu, wanasema unauza mafuta. Vyombo pia walikataa. Gari ikiharibika, unangoja fundi wao. Ningefanya nini?"

"Na kioo? Kioo nacho kina traka?"

Truphena akauliza, "Kioo gani?" Mimi macho yangu kwa Willis.

"Tangu lini sanduku haliingii kwenye gari?"

"Tangu tumzike baba."

"Na mzee wa Mtito aliyelia?"

Akaangalia chini. "Mama, ulikuwa unafurahi. Ukikata blada ulikuwa unaimba. Nilitaka tu uendelee kuimba."

Angeniambia ameshindwa, ningelichukua sanduku na chai ningekunywa. Mutunga alimwachia mlango huo wazi. Lakini alinikalisha kila mwezi kukata kamba za kuanikia nguo, nikamtolea ushuhuda kanisani mbele ya watu na Mungu, na siku nilipolala barabarani mimi mwenyewe akanifungia kioo.

Nilimwambia Truphena alete ukanda. Nikafunga sanduku, nikaweka ukanda kipajini kama tunavyobeba kuni kwetu, nikainuka.

"Mama, ni zito, wacha nikusaidie."

"Usiniguse."

Nikapita mtaani nimeinama, watu wananiangalia. Sijarudi kwake. Akibisha, sifungui. Lorine anasema nimsamehe. Lorine hajui kukata blada.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usiniambie pole. Sanduku liko kwangu, nyuma ya godauni la mabati, uliza Mama Kalekye. Nitafutie dereva anayesimama. Hadithi zake siziamini, hata aape. Mlete pamoja na mtu aliyewahi kumsaidia barabarani, wakae mbele yangu wote wawili, nimuulize yule aliyesaidiwa. Nenda kamtafute.