Alivyotunyima Tafsiri Mzee wa Kibanda Umiza

Wasomaji wangu, ninyi watatu mnaosoma safu hii kwa kupenda na yule wa nne anayeisoma kwa sababu foleni ya uji imekwama mbele ya ubao wa matangazo, leo sina utani mwingi. Mzee wa kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video pale Mkiwa, amefariki. Ni yule aliyekuwa akikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitutafsiria muvi za watu, na steringi, yule shujaa wa muvi, akikasirika sana anamgombeza adui kwa Kinyaturu. Tumemzika Jumamosi, na tangu Jumamosi nina hasira. Msoma wasifu alisema alizaliwa, akaoa, "akajishughulisha na biashara ndogondogo." Basi. Biashara ndogondogo! Utadhani aliuza karanga.

Niwaambie mimi alichokuwa akifanya. Siku moja alituwekea muvi ya miaka ijayo, dunia imeshaharibika. Inaanza na jiji la kijivu, kamera iko juu kabisa, watu huko chini wanatembea kwa mstari kama siafu, nguo zao sare. Mzee kimya. Dakika ya kwanza, ya pili. Tukaanza kelele. "Mzee, tafsiri! Umelala?" Mama mmoja muuza vitunguu akasema, "Muacheni, labda kipaza sauti kimekufa." Mzee akaisimamisha muvi. "Hakuna aliyeongea. Nitafsiri nini?" Nikadakia, mdomo wangu mnaujua, "Sasa tutajuaje kinachoendelea?" Akanigeukia. "We bwana mdogo, umesikia ndege hapo?" Hapana. "Umeona mti? Mtoto anacheza? Mtu hata mmoja akimwamkia mwenzake?" Hapana, mzee. "Ungependa kuhamia?" Kibanda kizima kikacheka. Nikasema siendi hata kwa kubebwa. "Basi umeshaelewa, na mimi sijafungua mdomo. Kamera ikikaa juu vile, jua kuna anayewachunga. Macho hayana pazia, bwana, yaache yafanye kazi."

Ndiyo maana klabu yetu ya filamu hapa shuleni ilipoanza kutengeneza filamu ya Singida isiyo na maji, nilimpelekea mwanzo wake kwenye simu. Tuliweka kamera chini, nyuma ya madumu, mpaka watu wakaonekana miguu tu. Foleni haisogei. Shamba la alizeti limekauka, vichwa vyote vimeinama. Sauti ni tone moja la bomba, kisha unasubiri jingine mpaka koo linakukauka. Mzee akatazama mara mbili. Kilichomuudhi ni mimi. Mwalimu wa klabu alitaka maelezo, nami nikayasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: huu ni mwaka wa mbali, maji yamekwisha, watawala ni wakatili. "Picha yako inatutisha," akasema, "halafu unaingia wewe kutubembeleza. Toa hiyo sauti, kisha niletee niione." Nikasema, sawa mzee. Sikuitoa. Nilimwogopa mwalimu, na kusema kweli nilipenda kujisikia. Nikapita Mkiwa mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili nikavuka barabara asinione.

Tuna ugonjwa wa kueleza. Harusi ina msemaji, msiba una msemaji, paredi asubuhi ina wasemaji watatu na wote wanarudia jambo moja. Tunakiongelea kitu mpaka hakuna anayekitazama. Hata mtu aliyetufundisha kutazama tumemzika kwa sentensi isiyomwona.

Jumapili nikaiondoa sauti yangu kwenye filamu. Jumatatu mwalimu akakunja uso. "Watu watapotea hapa." Nikamwambia, "Mwalimu, waache wapotee kidogo." Akasema Ijumaa tunaionyesha shule nzima, na kidato cha kwanza wakilalamika, nitasimama mbele nisome yale maelezo peke yangu. Nimekubali. Ila hata wakikaa kimya wote mia mbili, aliyeniambia nimletee hataiona, na hilo si kosa la mwalimu. Ni langu. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa na mtu mzima "rekebisha, kisha niletee," rekebisha leo umpelekee leo, hata kama bado unaona aibu.