Makoti ya Kaki Katika Vilima vya Bunda

Mjomba wangu, kaka yake mama, alipopotea katika vilima vya mashariki ya Bunda, masika yalikuwa yamekolea, na mimi nilikuwa mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, mlangoni kwa fundi wa nguo, nikingoja koti. Nilikuwa nimetoka Butiama alfajiri. Mama aliniambia neno moja tu: mtu mwenye goti bovu hawezi kulala mvuani mara nyingi. Neno hilo lilinitembea mwilini kama siafu.

Aliyeongoza watafutaji wa upande wetu tulimwita Sajini, kwa kuwa alirudi na cheo hicho kutoka vita vya Wazungu kule Burma. Mtu akipotea porini, baraza lilimwita yeye, naye aliwaita wenzake wa jeshini na vijana wachache wenye miguu myepesi. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kutoka kabla ya kuvaa. Na kuvaa, kwake, kulikuwa kazi nzima.

“Twende, Sajini,” nilisema. “Mvua inanyesha.”

“Ndiyo maana hatujaenda. Vua shati hilo.”

Lilikuwa shati la pamba, jeupe, la kuendea kanisani. Alisema pamba ikilowa hukugandia mwilini na kukunyonya joto lote, bali sufu, hata ikichuruzika maji, bado ni nguo. Akanivisha sweta lenye viraka viwikoni, lililonuka moshi, kisha akanichagulia koti zito la sufu ya kaki katika mabaki ya jeshi. Fundi aliyeyusha nta ya nyuki, akaipaka mabegani na mgongoni, akapitisha pasi ya mkaa juu yake taratibu hadi nta ikazama katika nyuzi na chumba kizima kikanukia mzinga. Nilizunguka meza. Nilitoka nje, nikatazama mawingu, nikarudi.

“Kijana, ukizunguka hivyo utanipeperushia majivu kwenye kazi,” fundi alisema. “Kaa.”

“Siwezi kukaa, mzee.”

“Basi simama kama mlingoti, nikupime mikono.”

“Na likilowa usilianike motoni,” Sajini aliongeza. “Sufu hujikunja. Kesho utavaa koti la mtoto mchanga.”

Lori la chumvi lilitushusha Bunda, tukapanda vilima tukiwa tumetandaza mstari, kila mtu akimwona mwenzake, sote katika kaki. Koti lilifanya kazi yake. Mvua iliteleza mabegani mwangu kama juu ya majani ya mgomba. Tuliita jina la mjomba hadi sauti zikakauka.

Chini ya jabali moja tulikuta majivu yenye joto na kipande cha waya wa mtego. Kando yake palikuwa na nyayo, mguu mmoja umekanyaga sawasawa, mwingine umeburutwa. Zilikuwa nyayo mbichi, na zilitupa mgongo.

“Anatukimbia,” nilisema.

“Baridi imempanda kichwani,” alisema Sajini. “Niliyaona hayo vitani. Mtu anamkimbia hata mama yake.”

Tukaongeza mwendo, na kadiri tulivyoongeza, nyayo nazo zilizidi kupanda kuelekea kwenye mawe makavu yasiyo na mti wala pango. Nilitaka kupaa. Nilitaka pia tusimame, maana kila hatua yetu ilimburuta mjomba kwa goti lile, na sikujua kwa nini.

Jibu tulilipata katika boma la mwisho kabla ya mbuga. Watoto walituona, wakatumbukia ndani. Mwanamke mmoja akatoka, akaziba mlango kwa mwili wake.

“Hakuna nyama hapa,” alisema.

“Mama, tunatafuta mtu,” alisema Sajini.

“Wanasemaga hivyo hivyo. Koti kama hilo lilikuja hapa kiangazi. Likaondoka na nyama yangu yote, na chungu juu yake.”

“Koti?”

“Wewe unadhani nilimtazama usoni? Askari wa Bwana Nyama ni koti.”

Sajini alijitazama kifuani: askari wa Bwana Nyama, mkuu wa wanyamapori wa serikali, nao walivaa kaki kama yetu. Kwetu tuliambiwa mjomba alikwenda kutafuta ndama. Ndama gani humpeleka mtu mbugani masika, akiwa na waya wa mtego?

“Vueni,” alisema Sajini. Alilisema kwa uchungu, maana alijua kuliko sisi sote mvua ile ingetufanya nini. Tuliyakunja makoti tukayafunga mgongoni, bitana nje. Nikapanda na sweta, maji yakinipenya hadi mbavuni, na badala ya kuita jina nikamsalimu mjomba kwa lugha ya nyumbani, salamu ya ukoo wa mama, jiwe kwa jiwe. Meno yalinigongana hata nusu ya maneno ikamezwa.

“Ongea vizuri,” sauti ikajibu kutoka ufa wa mwamba. “Unasalimia au unatafuna?”

Alikuwa amejikunja ndani, midomo ya kijivu, goti limevimba kama kibuyu, ameketi juu ya nusu ya swala.

“Niliwaona tangu mlipoanza kupanda,” alisema. “Nikasema, swala mmoja tu, serikali imeleta jeshi zima.”

Nilifungua koti langu. Akalisukuma pembeni. “Mke wangu akiniona na hilo atapiga yowe.”

Sajini hakubishana. Alilivuta, akaligeuza, bitana ya kijivu ikawa nje na kaki ndani, akamfunga nalo kama anayemvisha mtoto. Mjomba alinusa ukosi, akauvuta hadi kidevuni. Nikambeba mgongoni.

Mto bondeni ulikuwa umeanza kujaa. Sajini aliniambia nipunguze mwendo, mawe yana utelezi. Sikuweza.

“Polepole, mjomba,” mjomba akaniambia sikioni. “Sasa wewe unamkimbia nani?”

Nilisikia kifua chake kikianza kupata joto mgongoni mwangu, nami nikazidi kukaza mwendo.