Majembe Nje ya Dirisha

Juma lililopita jirani yangu alikuwa anaezeka bati, na fundi wake alikuwa na namna yake ya kupiga misumari: mapigo mawili mepesi, kisha moja zito. Ti-ti, ndu. Ti-ti, ndu. Mimi nilikuwa uani nachambua michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa juani, kabla ya kuichemsha. Kwa muda sikuona ajabu yoyote. Kisha nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa umeshika kipande cha mchembe kama mtu anavyoshika kalamu, na ulikuwa unaandika kwenye ungo.

Nilicheka peke yangu mpaka fundi akachungulia kutoka juu ya paa. Nilimwambia aendelee tu, kazi yake ni nzuri. Ningemwelezaje kwamba misumari yake ilikuwa imenirudisha kwenye imla ya darasa la nne? Ninyi nitawaeleza, ila mnivumilie. Mimi huandika polepole, na habari yenyewe ni ya upole huo huo.

Shule yetu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu Mhunze. Ilikuwa na vyumba vinne vya udongo, paa la nyasi, na madirisha yasiyo na kitu ila upepo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini. Darasani tulikuwa wasichana wanne, tukikaa benchi la mbele, na nyuma yetu wavulana wengi wenye magoti ya kijivu kwa vumbi la mbuga. Nyumbani tulisema Kisukuma, shuleni Kiswahili, na njiani tulisema vyote viwili kwa pamoja, tukiuacha Usukuma wetu taratibu kadiri tulivyoikaribia kengele.

Msije mkadhani tulikuwa watu wa huzuni kwa sababu tulitembea pekupeku. Kila mmoja alikuwa na michembe mfukoni au kwenye pindo la nguo, na kazi kubwa ya saa ya kwanza ilikuwa kulainisha kipande kimoja shavuni bila Mwalimu kujua. Mchembe mkavu ni mgumu kama kigae. Ukiutafuna, chumba kizima kinasikia. Kwa hiyo tuliunyonya kwa subira, na Mwalimu akikuuliza saba mara nane, ulijibu kwa upande mmoja wa mdomo. Mwalimu Zakaria, mtu wa Tabora aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi hata siku za matope, alizoea kusema kwamba hajawahi kuona darasa lenye maumivu ya meno kama letu.

Shida yangu haikuwa meno. Ilikuwa mkono. Nilikuwa naandika polepole kuliko mtu yeyote shuleni, hata darasa la kwanza. Herufi zangu zilikuwa nzuri, hilo kila mtu alikubali, lakini kila moja niliijenga kama mtu anayefuma kikapu. Mwalimu akiwa sentensi ya tatu, mimi nilikuwa bado nachovya kalamu kwa ajili ya neno la pili la sentensi ya kwanza. Nilikuwa na haya pia. Kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, naomba urudie," kulinishinda kabisa. Shija, aliyekaa nyuma yangu, aliniita Konokono, na jina likashika kwa sababu wino wangu ulikuwa unaacha utelezi mrefu ukurasani.

"Konokono," alikuwa akininong'oneza, "ukifika kwenye nukta utuamshe."

Mwisho wa mwaka ule ulikuwa mtihani wa darasa la nne. Atakayepita angeendelea shule ya kati, na kwa sisi wasichana ilikuwa ya bweni, mbali. Atakayeshindwa angerudi nyumbani, basi. Mtihani ulikuwa na hesabu, ambazo sikuziogopa, na imla ya sentensi kumi. Sentensi usiyoimaliza haihesabiwi.

Nilitaka kupita, na nitawaambia kwa nini. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi katika mgodi wa dhahabu kule Geita, akituma barua mara mbili tatu kwa mwaka. Nyumbani hakukuwa na wa kuisoma barua ndefu sawasawa. Mama aliifunga kwenye pindo la kanga mpaka Jumapili, akamfuata mtu wa kumsomea, na habari za kaka yake akazisikia amesimama mbele ya watu, akijizuia kulia na kujizuia kucheka. Nilitaka azisikie akiwa amekaa jikoni kwake. Baba hakuwa na neno baya. Alisema, "Asome hadi huo mtihani. Akipita aende. Akishindwa hatugombani, Minza ni wetu, atarudi tulime." Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilinitisha.

Sasa nije kwenye shamba. Kila Jumatano mchana shule nzima ililima pamba ya shule. Kwetu watu hawalimi kimyakimya. Wanapanga mstari mmoja, ngoma inapigwa, mwimbaji anaimba, na majembe yote yanashuka pamoja: mapigo mawili ya kukwangua juu, la tatu la kuzama. Mwisho wa kila ubeti ngoma inanguruma, na hapo majembe yote yanapanda juu, yanazungushwa hewani, yanang'aa, kisha yanarudi ardhini. Hiyo ndiyo bugobogobo, na mtoto wa kwetu anaijua kabla hajajua kuhesabu. Shuleni hatukuwa na ngoma, tulikuwa na debe la mafuta ya taa, na mpigaji alikuwa Shija.

Katika mstari ule mimi sikuwa Konokono. Mkono wangu ulishuka na mikono ya wengine, ukapanda na ya wengine, na mara nyingi nilimaliza tuta langu mapema. Jumatano moja Shija aliacha kupiga, akanitazama kama mtu aliyeona kuku anaogelea.

"We Konokono, huo mkono ni ule ule wa darasani?"

"Sina mwingine," nikasema.

"Basi tatizo si mkono. Tatizo Mwalimu hana debe."

Kesho yake katika imla nilisikia kitu kwenye mguu wa benchi langu. Ti-ti, ndu. Ti-ti, ndu. Kilikuwa kidole gumba cha mguu wa Shija. Mwanzoni niliona aibu, nikafikiri kila mtu anatutazama. Kisha mkono ukasikia. Mapigo mawili, herufi mbili. Pigo zito, neno limezama. Sikuwa nafuma tena, nilikuwa nalima. Nikamaliza sentensi ya kwanza na nukta yake, nikamaliza ya pili.

Tatizo la mapigo yale ni kwamba hayawezi kumwingia mtu mmoja tu. Waliokuwa karibu na Shija walianza kugonga na wao, wenyewe hawajui. Benchi la tatu likaitikia, la nne likaitikia. Mwalimu Zakaria alikuwa amegeukia dirishani, akisoma habari za mbuzi aliyeingia dukani, na naapa sauti yake ilianza kufuata. Alipofika mwisho wa habari, Shija akajisahau. Akangurumisha benchi kwa vidole vyote, kama debe mwisho wa ubeti.

Na sisi sote, darasa zima, tukainua kalamu juu na kuzizungusha.

Zilikuwa zimetoka kuchovywa. Wino uliruka ukutani, kwenye ramani, kwenye nywele za wasichana, na sehemu kubwa ukatua kwenye mgongo wa lile shati jeupe. Kukawa kimya hata mnyonya michembe mmoja akasikika akimeza. Mwalimu aligeuka taratibu. Alitazama mikono yetu iliyokuwa bado juu.

"Hili ni shamba gani?" akauliza.

Kisha Shija, ambaye alilelewa kumjibu mkubwa anapouliza, akasema, "La pamba, Mwalimu."

Nilimwona Mwalimu Zakaria akikunja midomo yake ndani kama mtu aliyekula ndimu. Akageukia ubao, mabega yakawa yanatikisika, na madoa ya wino yakatikisika pamoja nayo. Hapo tukapasuka. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la tatu akaja kuangalia kama kuna nyoka. Adhabu ilikuja, haikosi kuja: tulifua shati lile kwa zamu siku tatu, likatoka na rangi ya mbingu ya masika, na tukaongezewa matuta mawili kila mmoja. Lakini kabla ya kututoa nje Mwalimu alipita benchi hadi benchi kukagua madaftari. Kwangu alisimama muda mrefu. Sentensi zote zilikuwepo, mpaka ya mwisho. Aliangalia mguu wa benchi langu, akaangalia mguu wa Shija, akaendelea mbele.

Tangu siku hiyo alianza kutembea anaposoma imla, na viatu vyake viligonga sakafu: mapigo mawili mepesi, moja zito. Nilidhani amepata kidonda mguuni.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi wa kutoka mbali, mwenye soksi ndefu na saa ya mfukoni. Mwalimu Zakaria hakuruhusiwa kuingia. Tulitenganishwa, mtu na nafasi yake. Shija akapelekwa kona ya nyuma, mimi nikawekwa karibu na dirisha. Msimamizi akatangaza kwamba hataki kusikia hata mguu. Kisha akaanza kusoma faida za kuchemsha maji ya kunywa, kwa sauti iliyonyooka kama uzi, isiyopanda wala kushuka.

Sentensi ya kwanza nilifika katikati. Alipoanza ya pili mkono wangu ulikuwa umerudi kufuma vikapu. Nikaona herufi zangu, nzuri, moja moja, na nikamwona Mama amesimama mbele ya watu Jumapili. Machozi yakaanza kuja, nikayazuia kwa sababu yangeharibu wino.

Ndipo nje ya dirisha debe likalia.

Ti-ti, ndu.

Walikuwa darasa la tatu, wamepanga mstari kwenye kile kipande cha ardhi kati ya darasa letu na choo, wanalima na kuimba kwa sauti ya chini. Msimamizi alikunja uso, akaenda dirishani. Nikasikia sauti ya Mwalimu Zakaria, yenye heshima zote: "Shikamoo, Bwana. Ni kazi za shamba, tusamehe. Mvua haitungoji." Msimamizi akatazama saa yake, akaona hawezi kupoteza muda, akarudi kusoma. Kwa sentensi moja alipigana na debe. Katika ya nne alikuwa ameshindwa. Alisoma na majembe, kidevu chake kikishuka kila pigo zito, na mimi nikalima. Nililima ya tatu na ya nne, nikarudi kumalizia ya kwanza na ya pili kwa maneno niliyoyakumbuka, nikalima ya tano na ya sita.

Mwisho wa ubeti debe likanguruma. Niliukamata mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikaubana mezani. Chumba kizima kilikuwa kinatetemeka, kila mtu amejishika. Kule kona, mkono mmoja ulipanda na kalamu yake, ukajizungusha.

"Wewe," akasema msimamizi. "Una swali?"

"Hapana, Bwana," akasema Shija, tone la wino limemkaa puani. "Ni mkono tu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Wakati msimamizi akimtazama nilimaliza neno lililokuwa limebaki. Nilifika kwenye nukta ya kumi pamoja na wengine.

Nilipita. Shija alipita hesabu tu, akabaki nyumbani, na baadaye akamfuata mjomba wangu Geita. Baba alinichinjia jogoo. Barua ya kwanza iliyofika tukiwa likizo nilimsomea Mama jikoni, polepole sana, na yeye alikaa kwenye kigoda akacheka pale alipotaka kucheka, na pale pengine akalia bila mtu kumwona ila mimi.

Likizo hiyo hiyo nilikwenda kumwamkia Mwalimu Zakaria. Alikuwa amevaa lile shati la rangi ya mbingu. Nikiwa natoka nilipita nje ya dirisha la darasa letu, nikatafuta pamba, au hata viazi, kwenye kile kipande kilicholimwa siku ya mtihani. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na changarawe na mbuzi mmoja aliyefungwa. Nilifikiri tu kwamba mwaka ule mbegu zilipungua.

Miaka ikapita. Siku moja ikaja barua kutoka Geita, ya Shija, ameiandika mwenyewe kwa penseli. Aliandika kwamba huko machimboni watu wa kila kabila wanacheka wakimwona anavyopiga sururu: mbili nyepesi, moja nzito. Na chini kabisa, kama jambo dogo, akaandika: "Konokono, unakumbuka lile shamba la dirishani? Ardhi ile hata panya haichimbi. Mwalimu alikuja kwetu jioni ya kuamkia mtihani kuniomba debe, akakaa na mdogo wangu wa darasa la tatu mpaka mtoto akayashika mapigo."

Nilikuwa mtu mzima nilipoisoma sentensi hiyo. Niliisoma mara tatu. Haikuwa Jumatano ya shamba, siku ile ya mtihani. Ilikuwa Jumatatu.