Namba Yangu ya Zafarani

Nikisikia harufu ya zafarani kwenye biriani ya watu, uso hunikunjika wenyewe. Wenyeji wangu hudhani chumvi imezidi. Jamani, chakula ni kitamu. Ni pua tu inanirudisha Nateete, chumba cha mbele kwa bibi. Hapo Ami Hamza, mdogo wake marehemu baba yangu, alifundisha Kurani na kuandika makombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, mgonjwa aoshe maandishi, anywe.

Mwaka aliofariki baba, Ami aliniita peke yangu. Akahesabu herufi za jina langu kwa abjadi, kila herufi na namba yake, akazidisha, akatoa, akanung'unika, kisha akaandika kwenye sahani: 142857.

"Zuhura, hii imetoka kwenye jina lako. Dunia nzima, mwenye namba hii ni wewe tu. Haya, izidishe kwa mbili."

Nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile, zimehamishana viti tu kama wageni kwenye maulidi! Mpaka mara sita hakuna iliyokosekana.

"Lakini kwa saba usiguse, utaivunja. Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Wenzangu wakijisifu baba kawanunulia viatu, nilijisemea kimoyomoyo: nyie mna baba, mimi nina namba.

Idi ikaja, wajukuu wote wa bibi tukakusanyika, watoto saba. Binamu yangu Rukia, aliyetoka Mengo, alinizungukia na gauni alilonunuliwa na babake mpaka uvumilivu ukanishinda. Nikaokota mkaa, nikaandika namba yangu sakafuni nimkomeshe.

"Hee! Nani kakupa namba yangu?" akasema Rukia. "Ami aliitoa kwenye jina langu!"

"Lako wapi? Ni langu!" akadakia Juma, mdogo wake.

Kumbe tulikuwa nayo wote saba. Bibi akapiga makofi, "Banange, jamani, Hamza!" Na Ami mwenyewe, kofia upande, sambusa mdomoni, akasema, "Lakini kuzidisha si mmejua?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilimchukia, wallahi. Nikaenda uani nikaizidisha kwa saba makusudi, ivunjike. Ikatoka 999999. Tisa tupu, hata tarakimu moja yangu haikubaki. Nililia mpaka kamasi zikanikaba.

Nilipofika sekondari, mwalimu aligawanya moja kwa saba ubaoni. Ikatoka sifuri nukta 142857, halafu 142857 tena, bila mwisho. Ndipo nikajua kwa nini Ami alitukataza saba: namba ilitoka huko, si kwenye jina la mtu. Nikajua na jingine. Ami alikuwa mmoja, sisi saba, na kila mtoto alipata fungu lake sawasawa.

Hesabu haina kosa, nakubali. Lakini jioni ile ya Idi wale sita walirudi nyumbani wameshikwa mkono na baba zao. Mimi nilitaka moja nzima.